Naliondoa Ombi Langu Kuhusu Mama

Mpendwa Dada yangu,

Shikamoo. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Madhumuni ya barua hii ni kuliondoa rasmi ombi nililokuletea kiangazi hiki, kwamba umchukue Mama akaishi kwako Tabora kwa kuwa mimi nimeshindwa kumtunza. Nafahamu kuwa chumba umekwisha kukipaka rangi. Nafahamu pia kuwa utacheka, kama ulivyocheka kwenye simu: "Wewe, mimi ni dada yako, si baraza la ardhi." Hata hivyo, jambo zito linastahili maandishi yaliyonyooka, na kazi yangu ya kuwaandikia watu maombi hapa Chang'ombe imenizoesha hivyo.

Sababu za ombi lile unazikumbuka. Mama alikuwa akiniuliza habari za mvua ya kwetu, "Bahi imenyesha?" Nikimjibu, anageuza shingo, kisha anauliza upya. Nilipochoka niliandika jibu kwa herufi kubwa, nikalibandika ukutani: BAHI BADO HAIJANYESHA. Akalisoma taratibu, akasema, "Mwandiko mzuri huu. Wa nani?" Nikamjulisha kuwa ni wangu. Akafurahi sana. Kisha akauliza kama Bahi imenyesha.

Jambo ambalo sikukuandikia ni kwamba asubuhi moja nilimfokea mbele ya mteja. Hakulia. Alijikunja kwenye kigoda chake, na mpaka jioni akawa ananiita "bwana", kama mtu asiyenifahamu. Ndipo nilipokuandikia. Nilidai nimechoka, ukweli ni kwamba niliona aibu.

Nikiwa nasubiri jibu lako, niliikumbuka chumvi yetu. Bila shaka hujasahau tulivyokwangua udongo wa chumvi kando ya mbuga ya Bahi, tukaujaza katika chungu chenye tundu chini, tukamimina maji na kungoja yachuje tone kwa tone ili Mama ayachemshe. Mimi nilikitikisa chungu ili yashuke upesi. Yakashuka na tope, na kazi ya asubuhi nzima ikamwagwa. Hukunichapa. Ulinikalisha chini, ukasema, "Tazama tone hili. Lile lingine halijafika, usiligombeze." Tukatazama hadi pumzi zangu zikatulia, nikaanza kusikia hata ng'ombe wa ng'ambo wakikata majani.

Dada, zoezi lile nimelirudia. Mama anapouliza, naiweka kalamu chini. Nazihisi nyayo zangu sakafuni, navuta pumzi na kuiachia taratibu mara tatu, kisha namjibu swali hilo moja, si yale arobaini yaliyotangulia.

Mama hakukawia kunigundua. "Mbona unahema kama punda aliyepanda mlima?"

"Najituliza, Mama."

"Haya, tulia," akasema, naye akavuta pumzi pamoja nami. Siku nyingine hulisahau swali lenyewe, tukabaki barazani tunapumua tu, na wateja wanatungoja kwa adabu.

Katika utulivu huo ndipo nilipousikia woga uliomo ndani ya swali lake. Mama haulizi habari za mvua. Anauliza kama watoto wake watakula. Kwa hiyo siku hizi namshika mkono, nampeleka kwenye gunia la uwele. Anazamisha vidole, anacheka, ananiambia, "Kumbe mmevuna." Nami nacheka naye. Hata wateja wanaorudia malalamiko yao mara tatu nimeanza kuwasikiliza hadi mwisho, na maombi ninayowaandikia yamekuwa bora zaidi.

Sitakuficha kwamba Jumanne iliyopita nilishindwa, nikamjibu kwa mkato. Baadaye nikamwomba radhi. Akaniuliza radhi ya nini, akanitaka ninywe uji.

Sipingi haki yako. Wewe ndiwe mkubwa, naye ni Mama yako kama alivyo wangu, na huenda umemwandalia raha kuliko hii yangu ya chumba na baraza. Lakini ningali napenda kumjibu, Dada, na sikutarajia kuandika sentensi hiyo maishani mwangu.

Kwa unyenyekevu naomba uamuzi wako, kwa barua au kwa simu, kabla ya msimu wa kulima: Mama abaki kwangu, au nimlete Tabora?

Wa tumbo moja nawe,
Mdogo wako