Siki Iliyogeuka Buluu

Mjukuu wangu Rehema,

Pokea salamu kutoka Likoni. Shangazi yako amehamia Shanzu karibu na kazi, na sasa napika chai ya kikombe kimoja. Waniuliza ufanyeje, wenzako wakibuni matokeo ya majaribio ya kemia.

Nami miaka ya themanini nilikuwa msichana pekee darasani. Tulipitisha umeme ndani ya siki, na kitabu kilisema asidi itavunjika, itoe mapovu kwenye waya wa chanya. Kwenye waya huo hapakuwa na povu. Siki zetu zote ziligeuka buluu, lakini wavulana waliandika mapovu.

“Weye dada, utafeli peke yako!” wakanicheka nilipokataa kuwaiga.

Nikaandika buluu.

Mwalimu alisoma daftari langu mara mbili. “Kitabu kilitumia nyaya za platini, metali isiyoliwa na umeme,” akasema. “Nyaya zetu ni za shaba, nayo huliwa kabla ya asidi kuvunjika, ikaitia siki rangi ya buluu. Hawa wengine waliona nini?”

Kwa aibu ile, muhula mzima hakuna aliyekaa nami. Upweke ule uliniuma, sikufichi. Lakini kila jioni nilirudi nyumbani nikijua nimeona nini.

Wako akupendaye,
Bibi