Bega la Truphosa

“Mwongo! Msibani ulishika bega, leo umeshika tumbo!”

Suzana huyo, Rose! Amemfuata jirani yake Truphosa hadi mlangoni, anamfokea, mtaa mzima wa Mabatini unasikia.

Tangu msiba ule Suzana anawatangazia akina mama kwamba Truphosa alisingizia bega ili asisonge ugali. Sasa hata salamu hawampi!

Akamjibu, “Hospitali wanatufanyia utafiti watu kama mimi. Nina mawe kwenye mfuko wa nyongo. Mishipa ya fahamu ya nyongo na ya bega inaingilia mlango mmoja kwenye uti wa mgongo, ubongo unakosea nyumba. Bega ni zima, maumivu ni ya kweli!”

Suzana akacheka. “Nyongo itue begani? Imekuwa kunguru?”

Cheko likakatika. Akajikunja, mkono ukakimbilia bega la kulia. Bega, Rose! Lile lile!

Truphosa akamkazia macho. “Tangu lini?”

“Tangu kabla ya msiba. Ningesema, nani angeniamini?”

Nani angemwamini! Anauliza yeye!

Nikajua anafukuzwa. Truphosa akasukuma mlango, uso bado umekunjwa. “Kesho tunakwenda hospitali wote. Ingia ule. Kuna samaki, sato wa kuchemsha, sisi wa nyongo mafuta hatuli.”