Kijana wa Jirani Anataka Bastola Yangu, Eti ya Nyoka

Shangazi Opal mpendwa, naomba msaada wako, lakini kwanza ujue anayekuandikia ni mtu mwenye bahati kuliko wote katika milima hii ya West Virginia, na wala sijisifu, nasema ukweli tu, maana kuna watu hununua tiketi za bahati nasibu ya zimamoto miaka nenda miaka rudi wakaambulia soseji, mimi nilinunua tiketi moja, moja tu, nikatoka ukumbini na bastola mpya ndani ya boksi lake, wanaume wenzangu macho yamewatoka kama vyura. Shule niliiacha mapema, lakini lori nimeliendesha kutoka bahari hadi bahari, nimekwama kwenye theluji ya Wyoming, nimekula vya kila kabila, kwa hiyo mambo ya dunia nayajua. Ni hili moja tu linalonikaba.

Bastola yenyewe sijaifyatua hata mara moja, ipo juu ya kabati la unga, na mke wangu Darlene hataki hata kuiona, nikasema basi niiuze. Nikalitamka hilo dukani nikinunua mikate ya pepperoni, ile yenye soseji ndani, na unajua habari za dukani zina miguu, kesho yake akaja Dalton, kijana wa jirani, miaka kumi na tisa, kijana mzuri ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kulenga shabaha angali anapangusa kamasi kwa mkono.

"Mjomba, nasikia unauza."

"Nauza. Una hela au una mdomo?"

"Bei gani?"

"Dola mia tatu, na hapo nimekupendelea."

"Sawa. Malipo yangu ya mwisho ya kiwandani yanatoka Ijumaa ya wiki ijayo. Nitakuja."

Basi, hivyo tu! Shangazi, hapa kwetu mtu akikubali bei ya kwanza, hata ya ndoo ya vitunguu pori, tunamgusa paji la uso tuone kama ana homa. Nikasema bahati yangu imeamka tena.

Sasa Darlene ndiye kaharibu. Anasema Dalton ni mtoto, ndiyo maana dukani hawamuuzii bastola mpaka atimize ishirini na moja, mimi namwambia dukani ni dukani, mtu na mtu kwetu sheria inaruhusu akishafika kumi na nane, na kijana huyu anapiga kura, akitaka jeshi wanamchukua, bunduki ya kuwindia kulungu anayo tangu utotoni, sasa mimi ni nani nimwambie hajakua? Darlene hakutosheka, akamuuliza mbele yangu, "Ya nini, mwanangu?" Dalton akajibu, "Ya nyoka, mama." Nikamkanyaga Darlene mguu chini ya meza, maana kwetu mwanamume haulizwi bunduki ya nini, ni sawa na kumuuliza kwa nini amevaa suruali.

Na uone bahati isivyonibanduka, juzi huyohuyo Dalton kaniletea mbwa wake wa kuwinda sungura, Pepper, bure! Mbwa ambaye hata mjomba wake wa damu alikuwa haazimwi. "Kaa naye wewe, mjomba, amekuzoea." Nadhani kijana mapenzi yamemchosha, mchumba kamrudishia pete mara tu kiwanda cha mbao kilipompunguza, na hata Jumatatu ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu, shule zimefungwa, kila mtu yuko msituni, yeye alibaki chumbani kwake.

Sasa niambie, nimuuzie, au nisubiri atimize hiyo ishirini na moja? Darlene amesema atafuata neno lako.

Mwenye Bahati

*

Mwenye Bahati,

Majina yote nimeyabadilisha, hata la mbwa, na nimemkaba mhariri aichapishe barua yako katika toleo la leo Jumatano, kwa sababu hukuacha namba ya simu na Ijumaa iko mlangoni.

Usimuuzie. Umri hauhusiki hapa, angekuwa na miaka arobaini ningekujibu hivyohivyo. Wewe ni mzaliwa wa milimani: niambie, ni nyoka gani anatembea Novemba, theluji ikiwa imelala chini? Wote wako mashimoni, na Dalton anajua, na wewe unajua. Ulimkanyaga mkeo mguu ili usisikie.

Kijana kakosa kazi, kaachwa, hakuingia msituni, kakubali bei ya kwanza kwa sababu hela haina kazi naye tena, na kampa mtu mwingine mbwa anayempenda. Wewe yote hayo umeyaandika chini ya bahati yako. Bahati gani hiyo, bwana wewe? Huyo anaaga.

Sikugombezi kwa chuki. Mtu asiye na wasiwasi haandiki barua ndefu kama yako. Moyo wako umeona, mdomo ndio umepiga porojo.

Gazeti likiwa bado mkononi, mwite mbwa, nenda kwa Dalton. Usingoje Ijumaa. Muulize wazi, kwa maneno haya: "Unafikiria kujiua?" Usimzungushe, usifanye utani. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Kunampa mahali pa kulitua. Akisema ndiyo, usimhubirie kwamba maisha ni matamu, na usiape kumtunzia siri. Kaa naye. Pigeni 988 pamoja, ile simu ya kuwasaidia wanaofikiria kujiua, wapo saa zote, na akikataa piga wewe. Mwambie mama yake. Ile bunduki ya kulungu nayo itoke nyumbani kwao leo, ikae kwa mtu wa kuaminika mpaka kijana atulie. Ya kwako ishuke juu ya kabati la unga, ifungiwe mahali asipopajua. Na huko kwenu kutoulizana bunduki ya nini, kuanzia leo mnaulizana. Afadhali aone haya kuliko tumchimbie kaburi.

Ila kuna jambo moja nimelisoma mara mbili. Mtu wa majivuno kama wewe ashinde bastola mpya, asiifyatue hata kwenye kopo tupu? Hilo bado linaniwasha.

Shangazi Opal

*

Shangazi Opal,

Nilikwenda siku ileile. Nilimkuta bandani amekaa juu ya tairi, hafanyi kitu. Nikauliza maneno yako kama yalivyo, maana nilijua nikianza utani sitafika.

Akasema, "Nani kakwambia?"

"Nyoka wako," nikamwambia. "Novemba hii, mpumbavu we."

Akacheka. Halafu hakucheka tena. "Ndiyo, mjomba. Nafikiria kila siku."

Tukapiga ile namba, simu tukaiweka katikati yetu, akaongea na mwanamke mmoja mpaka Pepper akalala miguuni pake. Mama yake alifungua mwenyewe kabati la bunduki, na sasa zote ziko kwenye sefu ya mkuu wa zimamoto, na ile yangu pia. Mama anapokwenda kazini Dalton anakuwa kwetu, Darlene anamshindilia chapati za unga mweusi na sharubati ya utomvu wa miti, na jana alibishana nami bei ya betri kuukuu mpaka nikakaribia kulia kwa furaha. Jumatatu nampeleka kwa daktari, kwa lori, anataka kupiga honi.

Majina yabadilishe tena, ila hili moja liache kama lilivyo: Garland. Alikuwa mdogo wangu. Bastola ni yake, polisi walinirudishia baada ya mazishi, na boksi nililinunua mimi. Katika ukumbi wa zimamoto sijawahi kushinda hata soseji.