Njoo Ule, Mdogo Wangu

Okolona, Louisville
Novemba 2015

Kwa kaka yangu Ferdinandi,

Salamu nyingi kutoka huku kusiko na baridi kali, wewe uliyejichagulia theluji ya Buffalo. U mzima? Kifua je, bado kinakubana baridi ikiingia? Mimi ni mzima na ninazidi kupendeza. Wasichana wa kwaya watakutolea ushahidi. Mama kule Columbus hajambo, ila magoti yanamsumbua akisubiri basi la Morse Road. Anakusalimu, na anauliza mbona siku hizi hupokei simu.

Kazi ya ghala inaendelea. Msimamizi ananitegemea sana, ingawa yeye mwenyewe hajalitambua hilo.

Sasa kaa chini nikufundishe historia, mimi uliyekuwa ukiniita kichwa boga. Hapa ghorofa ya chini yangu anaishi mzee wa Kichina, Mzee Shen. Kiingereza chake kibovu kama changu, ndiyo maana tunaelewana. Huwa nambebea magunia yake ya mchele, naye hunipa chai isiyo na sukari, chungu kama adhabu. Wiki iliyopita nikamwonyesha ile picha yako ya magwanda, nikajisifu kwamba kaka yangu anarudi Burundi kuingia msituni, atakuwa kamanda. Sikumwambia kwamba kamanda huyo alishindwa kumchinja jogoo wa Krismasi tulipokuwa wakimbizi kambini Mtabila, jogoo akaishi mpaka Pasaka. Mzee hakutabasamu. Akaniuliza unakwenda kumpiga nani. Nikamjibu, maadui. Akaniuliza wanaitwa nani. Nikainua kikombe nikainywa ile chai yote, na unajua mimi nikinywa chai bila sukari pasipo kulalamika basi ni ugonjwa.

Ndipo akanisimulia. Katika ujana wake Wachina walikuwa wakiuana wenyewe kwa wenyewe, serikali na Wakomunisti. Yeye alikamatwa sokoni na jeshi la serikali, akavishwa magwanda kwa nguvu. Kaka yake alibaki kijijini. Wakomunisti walipofika waliwagawia wakulima mashamba, kaka akawafuata, akisukuma mkokoteni wa unga nyuma ya jeshi lao. Anasema wakulima wa mikokoteni walikuwa wengi kama siafu, na hao ndio waliowashindia Wakomunisti vita. Baridi ilipokolea, jeshi la Mzee Shen likazingirwa uwandani. Walikula farasi, wakachemsha mikanda, wakafukua majeneza wapate kuni. Ikifika jioni Wakomunisti walipaza sauti kutoka mahandaki yao kwamba mikate ya moto ipo, mwenye njaa avuke. Wengi walivuka.

Jioni moja akasikia jina lake la utotoni, lile lililojulikana nyumbani tu. Ilikuwa sauti ya kaka yake, ikimwambia njoo ule, mdogo wangu. Ofisa alikuwa nyuma yao na bastola, akaamuru wote wapige kuelekea ile sauti. Mzee akapiga. Aliniambia alilenga juu. Halafu akaniambia hakumbuki kama alilenga juu. Sauti haikuita tena. Wakomunisti wakaichukua nchi nzima, yeye akavuka na mabaki ya jeshi lake mpaka Taiwan, na hadi leo hajapata mtu wa kumwambia kaka yake aliishia wapi. Akainuka kuosha vikombe. Alipomaliza akaviosha tena.

Kaka, sasa nakuambia jambo ambalo hata Mama sijamwambia. Azarias yu hai. Ndugu yetu aliyekataa kupanda ndege ya kuja huku Marekani ili asimwache Bibi, tukadhani ameshapotea, alinipigia simu juzi. Yuko jeshini kule Burundi, jeshi la serikali, na kikosi chake kimepelekwa mpakani, upande ule ule ambao wenzako wanapanga kuingilia. Alijiunga ili Bibi apate kula. Bibi amekufa, yeye amebaki na bunduki.

Hajui lolote kuhusu mipango yako. Aliniuliza unafanya kazi gani, kama umeoa, na kama unaweza kumtumia viatu vyako vya zamani, kwa sababu vyake vimetoboka na miguu yenu ilikuwa saizi moja. Jumapili baada ya ibada atapiga tena, na anataka kusema na wewe, mkubwa wetu. Nimwambie uko wapi?

Wasalimie wote wa kanisani kwenu. Mungu akulinde, na ule vizuri.

Mdogo wako,
Jovini