Mamba ya Luapula

Kampemba, Lubumbashi

Yaya Laurentine, ndugu yangu mukubwa,

Salamu mingi. Magoti yako inaendelea namna gani na ile baridi ya Kambove? Na mutoto yako Gracia, iko muzuri? Shiye huku Mungu anatuchunga, lakini miye, Yaya, niko mubaya.

Unaniyua: Kampemba yote hakuna mwanaume wa nguvu sawa miye. Nilibebaka gunia mbili ya mahindi, moja ku kila bega, na kuimba juu yake. Leo, mbele ya kula bukari, natia mukono mu beseni na kungoya muntu. Mukono moja haiwezi kujinawa. Batoto bakichoka kunisaidia, nakula na uchafu.

Siku ya Lundi tulikuwa ku tribinali, mbele ya juge mwenye kukata kesi. Nilisema ile mashini ya kupukusa mahindi ilikula mukono yangu ya kuume juu patron wa ferme, mwenye shamba pale barabara ya Kasomeno, aliondoa kifuniko yake ya chuma, asema inachelewesha kazi. Avoka mwenye kumutetea patron akaita rafiki yangu Mumba. Mumba akaapa, akasema alisikia na masikio yake: mukono ililiwa na mamba ya Luapula, nami nikamupiga ngumi ku jicho mpaka akakimbia. Bantu balicheka, hata juge. Akaniuliza kama ni mashini ao ni mamba.

Yaya, Mumba hakudanganya. Ni miye nilimuambiaka vile, kwa mama wa lutuku, tukikunywa ile pombe yake. Mwanaume sawa miye aseme alishindwa na mashini ya mahindi?

Juge anataka muntu mwenye aliona, Lundi yenye inakuya. Asipomupata, kesi inakufa, nami naikala wa kuomba-omba ku mulango ya kanisa. Mwenye aliona ni Gracia tu. Natuma bantu kwake, anajibu hayue kitu. Nasikia unamukaripia, unamuita mwoga.

Hapana, Yaya. Siku ile alikuwa na miye ku ferme; ni yeye alikimbia akazima tracteur yenye ilikuwa inazungusha mashini. Ni yeye alinifunga kidonda na kikwembe yake, ile nguo ya kiunoni. Ku lopitali, nilimuapisha ku rozari ya marehemu mama asiseme kwa muntu hata siku moja, juu alisikia vile nililia na kuita mama sawa mutoto wa maziwa. Anachunga neno yangu, ndiyo maana ananyamaza.

Umuambie mujomba yake anamufungua ile kiapo. Aseme kifuniko, aseme kikwembe. Na aanze na kilio: hakuna muntu atafikiri miye nilitunga ile.

Unisalimie nyumba yote, umoja umoja. Usiniachilie.

Mudogo yako,
Sylvain, na mukono ya kushoto