Majibu ya Kichupa cha Baba Consolatha

Baba Consolatha,

Ugali nimeufunika, mlenda uko jikoni. Mbuzi wameshakunywa.

Asubuhi wale wanaowapima wapuliziaji wa dawa ya tumbaku wameleta majibu yako. Wanasema mkojo wako una sumu nyingi, uache kupulizia dawa. Kile kichupa cha mkojo si nilikijaza mimi, baada ya wewe kunibembeleza? Tulijua wangu ni safi, maana bomba la dawa sijawahi kulibeba. Tukasahau nani anafua nguo zako za kupulizia, tena kwa mikono mitupu.

Nimechoka, baba. Naenda Tabora mjini kupimwa kwa jina langu. ~~Nitarudi jioni.~~ Nikirudi utaniona.

Nguo zako za jana ziko kwenye beseni. Usimwachie Consolatha azifue.

Mama Consolatha