Kila Hema Lilisema Ndiyo

Ulaanbaatar, 9 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mifugo imevuka baridi salama? Mimi ni mzima.

Mama, utafiti wangu umenichanganya. Niliingia mahema arobaini huko kwetu bondeni kuuliza: mtawachanja watoto surua? Yote arobaini yakajibu ndiyo. Muuguzi alipokuja na sindano, walijitokeza watoto watatu tu. Hata Ganzorig, kaka yangu wa tumbo moja, hakumpeleka binti yake! Na surua imeshafika wilayani. Mbane, mama.

Mwanao, Solongo

Bonde la Tamir, 17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima, magoti ndiyo hayo hayo, mbuzi wawili wamekufa. Nawe unakula nyama, au majani tu huko?

Umesoma mpaka umesahau kwenu. Umekunywa chai yetu, kisha unatoa karatasi. Nani atamwambia mgeni hapana usoni? Tena ukautaja ugonjwa ule kwa jina, mara tatu, mbele ya mtoto asiyetimiza mwaka! Ulipotoka tu, wifi yako Nomin alimpaka mtoto masizi kwenye paji la uso, ili ugonjwa usimwone. Sasa anasema sindano itauonyesha njia.

Ukitaka kujua watu wanaogopa nini, kaa, chana nao mbuzi sufu, nyamaza. Watasema wenyewe. Nimembana Ganzorig. Kasema ndiyo.

Mama yako

Ulaanbaatar, 26 Machi

Mama,

Shikamoo. Umenichapa, na nimestahili. Nitakuja bila karatasi, nichane mbuzi. Ila hiyo ndiyo ya kaka ni ndiyo gani? Mchukue mtoto wewe mwenyewe, mpande gari la Davaa, huyu anayetuletea barua, mpaka zahanati. Usingoje wakubaliane.

Mwanao, Solongo

Ulaanbaatar, 11 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Hujambo? Hawajambo? Safari hii nauliza kweli.

Leo Davaa kanirudishia barua yangu. Anasema mbele ya hema la kaka imefungwa kamba yenye kitambaa chekundu, kama tufungavyo palipo na mgonjwa, mgeni asiingie. Akasimama mbali, akapaza sauti, "Jamani, mtoto hajambo?" Akajibiwa kutoka ndani, "Sote wazima, nenda salama." Anasema sauti ilikuwa yako.

Naogopa, mama. Kesho nakuja na muuguzi. Mimi si mgeni. Nifungulieni.

Mwanao